Hata Mimi Hakuniambia

Kijiji cha Ujamaa, Mikumi
16 Juni 1974

Dada Odilia,

Shikamoo. Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima, na za kuku pia, maana yule tetea uliyenipa alifika hapa mzima na sasa ana vifaranga. Baba na mama huko Kisanga hawajambo, Cleopa jirani yao alipita na mzigo wa ndizi akatuambia. Mama anasema mgongo unamsumbua lakini bado anabishana na baba, kwa hiyo yuko salama.

Sisi tumeshahamia kwenye nyumba za mstari. Mlango wangu unatazama mgongo wa nyumba ya mbele, na wa nyuma yangu ananitazama mimi. Ukikaanga dagaa, mtaa mzima umekula kwa pua. Jirani yangu wa kulia anaitwa Filomena, mcheshi sana, hakuna linalompita.

Mume wangu Tomasi hayupo tangu masika yalipokatika. Amepata kazi ya useremala Kimamba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, na mwenyekiti wa kijiji amempa ruhusa. Aliondoka na kile kikohozi chake cha vumbi la mbao. Nilimwambia, pumzika kwanza, akasema mbao hazipumziki.

Dada, niambie unavyosoma. Hapa nikifua nepi za Melki nakuwaza wewe na viatu vyako vyeupe. Usicheke. Wewe umevaa kofia ya nesi na mimi nimevaa mtoto. Namshukuru Mungu kwa Melkizedek wangu, simbadilishi kwa kofia wala kwa gari, ila siku nyingine nasema moyoni, tulilala mkeka mmoja sisi, mbona mwenzangu kaamkia mbali hivi? Niandikie mnayofundishwa, nami nijifunze hata nikiwa jikoni.

Sasa lililonifanya nikope karatasi hii. Melki hakui. Anakaa, anacheka, meno mawili yameota, lakini mikono imekuwa myembamba na ule mkufu aliopewa siku ya ubatizo unacheza shingoni. Ananyonya kidogo halafu analala. Labda ni meno. Nadhani ni meno.

Mdogo wako,
Letisia

*

Kilosa
30 Juni 1974

Mdogo wangu Letisia,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimetoka zamu, miguu imevimba ndani ya hivyo viatu unavyovitamani. Nikija nitakuvalisha uone. Mimi sijambo. Nimempelekea mama mafuta ya kuchua mgongo.

Umeuliza tunafundishwa nini. Nilidhani ningefundishwa ugonjwa mmoja mmoja, kama kujifunza majina ya wanafunzi darasani. Kumbe wanatuzungusha. Nilianza wodi ya watoto, nikaenda kwa wazazi, nikaenda kwa waliopasuliwa, na sasa nipo kwa wagonjwa wa nje. Kila mahali pana mambo yake. Kwa wazazi unasikiliza tumbo, kwa waliopasuliwa unanusa kidonda. Lakini Sista Magreti, mkubwa wetu, anasema yapo mambo manne ambayo nesi anahama nayo popote anapopelekwa, na asiyekuwa nayo ni mtu aliyevaa kofia tu.

La kwanza ni kunawa mikono. Kwa sabuni, kabla na baada, kila mtu, hata kama ni mama yako mzazi. Nilipofika nilinawa kama mtu anayekwenda kula ugali, Sista akanirudisha. La pili ni kutazama kabla ya kugusa. Anapumuaje, anakaaje, macho yake yanafuata nini. La tatu ni kusikiliza mpaka mtu amalize, maana jambo lenyewe hulisema akiwa ameshasimama kuondoka. La nne nitakuandikia siku nyingine, karatasi inaisha.

Sasa Melki. Mtazame kwa niaba yangu, Letisia. Anakohoa? Anatoka jasho akilala hata kukiwa na baridi? Joto linampanda jioni? Usinijibu kwa barua. Panda treni umlete hapa, tumweke kwenye mizani na daktari amwone. Usiseme meno. Mlete mwezi huu unaoingia.

Fungua dirisha mnapolala, hata wakisema upepo ni mbaya.

Dada yako akupendaye,
Odilia

*

Mikumi
14 Julai 1974

Dada Odilia,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mahindi yamepatikana, shamba la pamoja limetoa vizuri kuliko walivyosema. Salamu zimekwisha.

Filomena alikwenda huko Kilosa kumwona mkwewe aliyevunjika mguu. Aliporudi hakuingia kwake, aliingia kwangu na vumbi lake.

"Mama Melki, kaa kwanza."

Nikakaa.

"Mume wako yuko wapi?"

"Kimamba."

"Kimamba imehama? Maana nimemwona hospitali ya Kilosa kwa macho haya. Anatoka nyuma ya pazia la kijani, anafunga mkanda wa suruali. Na nyuma yake nani? Dada yako, ananawa mikono."

"Ananawa mikono?"

"Kwa sabuni, shoga yangu."

Dada, hapo nikalielewa somo lako la kwanza.

Nikaichukua barua yako nikaisoma upya. Barua zako zote, tangu niolewe, mwishoni unaandika, msalimie shemeji yangu mwembamba. Safari hii hukumtaja kabisa. Nikakaa nikafikiri. Mtu hamtumii salamu mtu aliye naye.

Na Melki. Mkunga wetu wa hapa, bibi anayeheshimika, amemshika mkono akamgeuza, akalisema lile neno nililokuwa naliogopa. Amebemendwa. Wewe unajua maana yake, tumelelewa nalo. Mtoto bado ananyonya, mzazi mmoja akatoka nje ya ndoa, mtoto anakauka. Mimi sijatoka hata nje ya mstari wa nyumba. Basi aliyetoka ni nani, na ametoka na nani?

Nilikuwa nakuonea wivu wa kofia, na nilikuwa naomba Mungu aniondolee. Sikujua kuwa wewe una sare, una mshahara unaokuja, una vyumba vya kuzungushwa, na bado ulihitaji na hiki changu kimoja. Shemeji ni wa utani, nakubali. Mnataniana mbele yangu siku zote na mimi ndiye ninayecheka kuliko nyote. Lakini utani una kitanda?

Nijibu jambo moja. Tomasi alikuwa anafanya nini nyuma ya pazia lako?

Letisia

*

Kilosa
24 Julai 1974

Mdogo wangu Letisia,

Natumaini umeamka salama, na Melki pia.

Umeniuliza jambo moja na jibu langu ni moja. Nilikuwa kazini.

Sikuambii kwamba nilimwona mtu fulani, wala sikuambii kwamba sikumwona. Ungeniuliza habari za mwenyekiti wenu au za mwizi wa kuku, jibu ni hilohilo. Na hili ndilo la nne ambalo sikuliandika. Linalosemwa nyuma ya pazia hubaki nyuma ya pazia. Nilipolisikia mara ya kwanza niliona ni jepesi kuliko yote, maana wewe unanijua, mimi si msemaji. Leo naona afadhali kushika usaha.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Kama unataka kuamini ya Filomena, amini. Siwezi kukuzuia na sitakutumia neno la kukutuliza, kwa sababu neno lolote la kukutuliza litakuwa limeshasema.

Lakini hujanijibu kuhusu Melki. Nilikuuliza kikohozi, jasho na joto la jioni. Mlete, Letisia. Nichukie kadiri upendavyo, ila mlete.

Odilia

*

Mikumi
1 Agosti 1974

Odilia,

Nimepata barua yako. Kumbe mnafundishwa na kufunga mdomo. Sikujua kama hilo nalo linahitaji chuo.

Melki simleti. Nimlete umshike kwa mikono hiyo? Bibi amemwogesha majani na kumfunga kamba kiunoni. Usiku wa juzi hakutoka jasho sana. Ndiyo, anatoka jasho, na joto linampanda, na anakohoa kidogo kama baba yake. Nimekujibu, basi umeridhika.

Tomasi ametuma kilo ya sukari na fundi mmoja wa reli. Hakuandika hata mstari. Fundi nilimuuliza, umeipokea Kimamba? Akatazama treni yake.

Kitenge ulichonipa nilipojifungua nimekikunja chini ya sanduku. Sikichomi, maana ni kizuri. Ila sikivai.

Mama Melki

*

Kilosa
6 Agosti 1974

Mdogo wangu,

Nakuandikia haraka, nimpe mtu wa treni.

Nilimuuliza Sista Magreti juu ya neno kubemenda. Sikutaja jina lako. Nilidhani atacheka, kwa sababu kwenye kitabu halimo. Hakucheka. Aliniambia, mama akikuletea neno hilo usimcheke kamwe, maana amekwisha kuona kuwa mtoto anapungua, na macho yake hayakukosea. Kilichokosewa ni sababu, na sababu ndiyo kazi yetu.

Kwa hiyo macho yako yameona sawasawa. Mtoto anayepungua, anayekohoa, anayetoka jasho, huyo si wa majani tena. Hayo umeniandikia wewe mwenyewe, sijayatoa kwa mtu.

Mwenye lake la kusema nimemwambia alitoe mwenyewe. Kila ninapomwona namwambia. Mimi sina ruhusa ya kulisema.

Unataka kunitukana? Njoo unitukane mbele ya wodi nzima, sitajibu. Njoo utushike, kama unaona kuna wa kushikwa. Pazia lipo kila asubuhi. Lakini uje na Melki mgongoni.

Odilia

*

Mikumi
20 Oktoba 1974

Dada Odilia,

Shikamoo, dada yangu. Naandika nimekaa mlangoni, Melki yuko chini anakula udongo, nimeshamtoa mdomoni anaurudisha. Mama hajambo, mafuta yamemsaidia. Yule tetea ameliwa na kicheche, pole.

Tangu siku ile ya mwezi wa nane nilipokuja Kilosa hatujaongea wenyewe. Pale palikuwa na watu, halafu palikuwa na dawa, halafu treni. Na wewe uliyaona mambo kwa upande wako tu. Mimi nataka ujue nilivyoyaona.

Sikuja kwa ajili ya mizani. Nilikuja kuwafumania. Melki nilimbeba kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, na Mungu anisamehe. Tangu stesheni ya Mikumi nilikuwa napanga maneno, na nilipofika Kilosa nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikapita kwenye benchi. Pale palikuwa na watu wanakohoa kwenye vitambaa, lakini mimi nilitazama miguu iliyokuwa chini ya pazia. Nikaviona viatu vyeupe. Nikaziona na ndala za Tomasi, nazijua kwa ule ukanda alioushona kwa waya.

Nikavuta pazia.

Alikuwa amelala kifudifudi, suruali imeshushwa kidogo, na wewe una sindano mkononi. Ukanitazama. Nilingoja uniite Letisia. Ukasema, "Subiri nje kidogo, mama." Mama, kama mgeni aliyepotea njia. Hilo liliniuma kuliko hata nilivyokuwa nimejiandaa.

Tomasi hakugeuka. Akasema, "Mwache, sista. Huyo ni mke wangu. Mwambie."

Ukamchoma kwanza. Ukasugua pamba. Ndipo ukasema, "Sema wewe, shemeji. Si langu."

Akausemesha ukuta. "Ni kifua kikuu, Mama Melki."

Maneno yangu yote ya stesheni yakaisha. Nikauliza swali la kijinga. "Na Kimamba?"

"Kimamba sijafika. Nalala Mabwerebwere, kwa seremala mmoja anaitwa Lupakisyo. Nakuja sindano kila siku."

"Ungeniambia."

"Baba yangu alipokohoa damu walimjengea kibanda shambani, na kikombe chake kikawa kinatundikwa mtini. Wewe ungemchukua mtoto ukaenda Kisanga. Ningekuwa wewe, ningekwenda."

Ningekwenda, dada. Hiyo ndiyo kweli. Lakini ningerudi, na yeye hakulijua hilo, na mimi mwenyewe sikulijua mpaka nilipomwona vile, amelala, kisogo kimekonda kama cha mwanawe.

Hapo ukanawa mikono. Nikakutazama unavyonawa, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko. Halafu ukamtoa Melki mgongoni kwangu bila kuniuliza, ukamweka kwenye mizani, na ndipo nikaona uso wako unabadilika kidogo.  Ile kamba ya bibi kiunoni mwake uliiacha ilivyo. Ningekuwa wewe ningeikata na kuitupa mbele yangu.

Daktari alisema kikohozi cha baba kimemfikia Melki, ila tumewahi. Naandika neno hilo tena kwa sababu napenda kuliona. Tumewahi. Vidonge namsagia kwenye kijiko, anatema, namrudishia. Uji wa karanga anaumaliza na bakuli analilia. Ule mkufu sasa umekaa shingoni, hauchezi. Tomasi amerudi na dawa zake za mwaka mzima. Dirisha tunalifungua. Anakohoa kwa kitambaa, na kitambaa nakichemsha mwenyewe. Tomasi mwenyewe alimwambia mwenyekiti wa kijiji, wakiwa wawili, na mwenyekiti alichosema ni kwamba kazi nyepesi zipo.

Sasa nikwambie la moyoni. Wivu haujaisha. Nilidhani utaisha siku ile, ukahama tu. Mwaka mzima mtu huyu alikohoa kitandani kwangu, nikamchemshia tangawizi, nikamgeuzia mto. Akachukua hofu yake akapanda nayo treni, akaja kuiweka mbele yako. Nilikuwa nauonea wivu mwili wako, dada, kumbe cha kuonewa wivu ni sikio lako. Nimemwambia na yeye. Akasema, "Dada yako sikumchagua. Ndiye niliyemkuta zamu." Nikacheka mpaka Melki akaamka, lakini bado.

Na kuna jambo la wiki hii, ndilo lililonifanya nikope karatasi. Mama mmoja wa mstari wetu, jina silitaji, alikuja kunirudishia chumvi ambayo hakuikopa. Akakaa. Akasifu ukuta. Akakohoa pembeni ndani ya kanga, nikamtazama, kama ulivyonifundisha, mabega yake na mifupa ya hapa chini ya shingo. Sikuuliza. Nikaacha azungumze yote, bei ya chumvi, mkwe, mguu wa mkwe. Akaaga. Akasimama. Ndipo akasema, akiwa ameshashika mlango.

"Huyo dada yako wa Kilosa."

"Ndiyo."

"Mtu akimpelekea jambo, harudishi huku?"

Dada, nilikuwa na mengi ya kumjibu mama yule. Nilikuwa na deni lake kubwa, maana ulimi wake ulinilaza macho wiki nzima nzima. Na nilijua neno moja la kumtuliza, kwamba mume wangu mwenyewe amepita pale akatoka mzima. Lakini neno hilo si langu.

Nikamwambia, "Nilimwandikia nikamtukana. Nilimwambia kitenge chake sikivai. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. Mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Hata mimi hakuniambia."

"Hakukuambia nini?"

"Hilo na mimi sikuambii."

Akanitazama. Mimi nilitegemea acheke, maana anapenda kucheka. Akakaa tena chini, akafunga kanga yake vizuri, akauliza treni ya Kilosa inapita saa ngapi.

Nikiri kwamba nilipokuwa nalisema lile, hata mimi hakuniambia, sauti ilitoka na majivuno. Ni maneno yaleyale niliyokuwa nalia nayo mwezi wa saba.

Shemeji yako mwembamba anakusalimu, maana yuko hapa na wewe uko huko. Kitenge nimekivaa, kina mkunjo katikati, hautoki hata nikikipiga pasi.

Mgeni wako atafika Alhamisi. Utamtambua kwa ulimi. Mpokee kama hujawahi kumsikia.

Mdogo wako,
Letisia